Deni Nyumbani: Wajibu wa Mume na Hiari ya Mke

 

Ndugu wasomaji, katika ukurasa huu wa nyumba tumekwisha kuzungumza mara nyingi juu ya malezi ya watoto, na haki za jirani, na adabu za chakula. Mwezi huu nataka kuligusa jambo lililomo katika nyumba zetu nyingi, lakini halisemwi barazani, na mara nyingi hata chumbani halisemwi. Jambo hilo ni deni. Wala sikusudii deni la mfanyabiashara mkubwa mwenye maghala. Nakusudia deni la mtu kama mimi na wewe: deni la dukani, deni la kikundi, deni la simu, deni la shughuli ya harusi iliyokwisha mwaka jana na malipo yake hayajakwisha mpaka leo.

UZITO WA DENI

Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari, kwa Salama bin Al-Akwa, kwamba siku moja aliletwa maiti mbele ya Mtume (s.a.w.) ili asaliwe. Mtume akauliza kama mtu yule ameacha kitu, akaambiwa hakuacha. Akauliza kama anadaiwa, akaambiwa anadaiwa dinari tatu. Basi akawaambia masahaba wamsalie wenyewe mwenzao. Hapo alisimama Abu Qatada, akalichukua deni lile liwe juu yake, ndipo Mtume akamsalia.

Fikirini, ndugu zangu. Dinari tatu tu! Wala haikutajwa kwamba mtu yule alikuwa mwizi, wala mlevi, wala mwenye kuacha sala. Huenda alikuwa mtu mwema kama wengi tunaowazika kila siku. Lakini haki ya mtu ilikuwa shingoni mwake, na haki ya mtu haifutiki kwa udhu wala kwa machozi. Baadaye, Mwenyezi Mungu alipowafungulia Waislamu riziki, Mtume alikuwa akiyalipa yeye mwenyewe madeni ya maiti wasioacha kitu. Hayo yatuonyesha kwamba hakukataa kwa kukosa huruma. Alitaka tuuone uzito wa jambo hili.

Tena imepokewa kwa Bibi Aisha (r.a.) kwamba Mtume alikuwa akijikinga kwa Mwenyezi Mungu ndani ya sala yake na dhambi na deni. Alipoulizwa kwa nini hujikinga mno na deni, alieleza kwamba mtu akidaiwa husema akasema uongo, na huahidi akavunja ahadi yake.

Maneno haya nimeyasomesha kwa miaka mingi, nami nalikuwa nikidhani kwamba uongo unaotajwa hapa ni ule wa mdaiwa kwa mdai wake, kama vile kumwambia mtoto aende mlangoni aseme baba hayupo. Siku moja nilijifunza kwamba mtu wa kwanza ambaye mdaiwa humdanganya si mdai wake. Ni mkewe, na mke mwenye deni, wa kwanza kumficha ni mumewe.

MADENI YETU YA ZAMA HIZI

Sisi watu wa Marui, na wenzetu wa Kisarawe na Kibaha kwa jumla, ni watu wa shamba. Tuna mihogo, tuna minazi, tuna miembe na michungwa, na tuna mikorosho. Pato la shamba halina mwezi maalumu. Huja kwa misimu, ilhali tumbo halina msimu. Kuanzia miezi ya mvua mpaka korosho zitakapoanza kuanguka kiasi cha mwezi wa Oktoba, nyumba nyingi huishi kwa daftari la mwenye duka. Hilo lilikuwapo tangu zama za wazee wetu.

Lakini siku hizi yameongezeka madeni ya namna nyingine. Kuna watu wanaokopesha fedha kwa masharti makali, khasa wakiwakopesha akina mama, na marejesho yake ni ya kila wiki au hata ya kila siku. Wananchi wenyewe wameipa mikopo hiyo jina la “kausha damu”, na jina hilo halihitaji maelezo. Kuna pia mikopo ya simu, ambayo mtu huipata akiwa amelala kitandani, pasi na shahidi wala karatasi, na asubuhi huamka amesahau hata kwa nini alikopa. Serikali haikulinyamazia jambo hili. Ilitungwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inayowataka wakopeshaji wawe na leseni, na mwezi wa Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majina ya programu 69 za kukopesha kwa simu zilizokuwa zikifanya kazi bila idhini. Lakini sheria haiwezi kuingia chumbani kwa mtu ikamzuia kubonyeza simu. Hilo ni letu sisi wenyewe.

Na deni la tatu ni baya kuliko yote kwa mkulima, nalo ni kuuza mazao yangali mtini. Mtu hubanwa na haja mwezi wa Julai, akaenda kwa mwenye fedha, akapewa kidogo kwa ahadi ya kutoa korosho nyingi wakati wa mavuno. Biashara hii huitwa kangomba, na khabari zake zilivuma sana nchini katika msimu wa 2018. Nasi twajua kwamba Mtume (s.a.w.) amekataza kuuza matunda ya mtini kabla hayajadhihirika kukomaa kwake, kwani hakuna ajuaye kama yatasalimika. Mwenye kuuza hivyo huvuna kwa mkono wake mali iliyokwisha kuwa ya mwingine, na mwaka unaofuata huanza tena pale pale, mikono mitupu.

Sababu za madeni haya ni nyingi. Ugonjwa ni sababu, na ukame ni sababu, na hizo hazina lawama. Lakini tukisema kweli, sehemu kubwa ya madeni yetu haikuzaliwa na njaa. Imezaliwa na shughuli. Kumtoa mwali, harusi, arobaini ya marehemu, sare za kanga, muziki wa kukodi: haya ndiyo yanayotupeleka kwa wakopeshaji. Wazee walisema: kukopa harusi, kulipa matanga.

KISA CHANGU

Yasemwayo na mwalimu hayawi na maana ikiwa mwalimu ajificha nyuma ya kitabu. Kwa hiyo nitaeleza yaliyonipata mimi, ingawa kueleza kwake kuna haya.

Nilipomwoza binti yangu nilikopa shilingi 300,000 kwa mtu mmoja, kwa sharti la kurudisha 390,000 baada ya miezi mitatu. Nalijua vyema kwamba ile 90,000 ni riba. Mimi ndiye ninayewafundisha watoto kwamba Mtume amemlaani mwenye kula riba na mwenye kumlisha, na mwandishi wake na mashahidi wake. Nikajiambia kwamba ni dharura. Haikuwa dharura. Wageni wangeweza kula pilau sufuria tatu badala ya saba, na ndoa ingekuwa ni ile ile.

Miezi mitatu ilipita sikuwa na kitu, na mtu yule akaongeza juu ya alichoongeza, hata deni likafika 450,000. Muda wote huo mke wangu hakujua. Akiniuliza mbona nimepungua mwili, nikimjibu ni joto. Akiniuliza mbona simu ikilia natoka nje, nikimjibu ni mambo ya msikiti. Tazameni namna ulimi unavyozoea!

Siku moja baada ya alasiri, watoto wakiwa wanasoma chini ya mwembe, alikuja kijana kwa pikipiki, ametumwa na mkopeshaji. Hakunipa salamu. Alisema kwa sauti, mbele ya watoto wote, kwamba tajiri wake ameniambia mara ya mwisho. Watoto wakanyamaza, wala hakuna aliyeendelea kusoma. Miongoni mwao alikuwamo mwanangu mdogo, naye akaifikisha khabari nyumbani kabla sijafika mimi.

Usiku ule nilikaa juu ya mkeka nikamweleza mke wangu yote. Nalitazamia kelele. Hakupiga kelele. Alinyamaza kitambo, kisha akasema: “Mwalimu, na mimi nadaiwa.”

Kumbe naye alikuwa amekopa shilingi 200,000 katika kikundi ili aongeze mtaji wa vitumbua vyake, na nusu ya fedha ile aliila nyumbani, siku ambazo mimi nilimwachia fedha isiyotosha na yeye akaona haya kuniambia haitoshi. Alikuwa bado anadaiwa 120,000, na 35,000 za simu. Basi tulikuwa watu wawili tuliolala kitanda kimoja, kila mmoja akiogopa kugeuka asije akamwamsha mwenziwe na fikra zake.

Tangu siku hiyo nimeamini ya kuwa deni lililofichwa ni madeni mawili: moja la fedha, na jingine la uaminifu. La fedha laweza kungoja. La uaminifu lilipwe kwanza, kwani bila ya kulilipa hilo, lile la fedha halilipiki.

JINSI TULIVYOFANYA

Jambo la kwanza tuliahidiana kwamba usiku ule hakuna lawama. Atakayetaka kulaumu na angoje deni liishe. Mume akimkaripia mkewe siku anapofunua deni lake, amemfundisha kuficha linalofuata.

Jambo la pili tuliandika. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, nayo ni ya 282 ya Suratul Baqara, imekuja kwa ajili ya kuandika deni. Mwenyezi Mungu amehimiza ndani yake tusichoke kuliandika deni, likiwa dogo au kubwa, pamoja na muda wake. Na wahenga wetu wakasema: mali bila daftari hupotea bila habari. Tulichukua daftari la shule lililobakia kurasa chache, tukaandika nani anadai, kiasi gani, na tangu lini. Mkopeshaji, 450,000. Shemeji yangu, 140,000. Mwenye duka, 85,000. Kikundi, 120,000. Simu, 35,000. Jumla ilikuwa 830,000. Nilipoiona jumla ile niliogopa, lakini ilikuwa ni hofu ya kitu chenye mwisho. Kabla ya hapo naliogopa kitu kisicho na mwisho.

Jambo la tatu tulikwenda kwa wanaotudai, kabla wao hawajatujia. Kwa mkopeshaji nilikwenda na wazee wawili. Nilikiri kwamba nalichukua fedha yake, nikaeleza kiasi ninachoweza kulipa kila mwezi. Baada ya maneno mengi alikubali kuacha kuongeza, na kupokea 390,000 kama tulivyopatana mwanzo. Basi jumla ikashuka hata 770,000 kwa sababu ya kwenda tu. Mwenye duka naye alisema kwamba tangu afungue duka hajaona mdaiwa aliyemwendea bila ya kuitwa.

Jambo la nne, kwa mwezi mmoja tuliandika kila senti iliyotoka, pasi na kubadili lolote. Hapa ndipo pana elimu kubwa, nami nawausia vijana wanaooa walifanye kabla hawajadaiwa. Tulidhani fedha zetu zaliwa na chakula. Daftari likasema vingine. Mimi peke yangu nilikuwa nikitia vocha na bando 18,000 kwa mwezi. Michango ya shughuli ilikuwa 25,000. Na mafuta, sukari na sabuni tulikuwa tukinunua kwa vipimo vidogo vidogo kila jioni, mafuta ya shilingi mia tano, sukari robo, na kununua hivyo ni ghali kuliko kununua pamoja.

Basi vocha nikaishusha hata 6,000, nikaokoa 12,000. Michango tukaiwekea mpaka wa 10,000 kwa mwezi, tukaokoa 15,000. Na aliyenuna alinuna. Mafuta, sukari na sabuni tukanunua mara moja mwanzo wa mwezi kwa bei ya jumla, mimi nikipanda gari kwenda Mlandizi siku niendayo kwa haja nyingine, tukaokoa 13,000. Hiyo ni 40,000, nayo ilitoka katika mfuko wangu. Mke wangu alikuwa akicheza upatu miwili. Mzunguko wa mmoja ulipokwisha hakujiunga tena, nao ulikuwa 5,000 kwa wiki. Akasema fedha hiyo, 20,000 kwa mwezi, ataitia katika deni kwa hiari yake. Jumla tukapata 60,000.

Jambo la tano, fedha ya deni tuliitoa kwanza. Siku pato linapoingia, kabla ya mtu kwenda gengeni, fungu la deni hutengwa. Wengi husema watalipa kitakachobaki. Ndugu zangu, hakuna kinachobaki!

Jambo la sita, kila Ijumaa baada ya Isha tulikaa na daftari letu muda wa kunywa kikombe cha chai, tukasoma kilichoingia na kilichotoka. Siku nyingine tulicheka. Siku nyingine hatukucheka. Lakini tulikaa.

Tulianza mwezi wa Mei 2023. Tulilitanguliza deni la kikundi, kwa kuwa wanawake wenzake walikuwa wamemdhamini mke wangu, na akishindwa yeye wanalipa wao. Pamoja na hilo tukalifuta la simu, na kilichobakia kikaenda dukani. Mwezi wa tatu ulipokwisha, madeni mawili yalikuwa yamefutwa. Mwezi wa Oktoba mtoto aliugua homa kali tukaweza 30,000 tu. Nilikwenda kwa mkopeshaji kabla ya siku yake nikamweleza, na mwezi uliofuata tukauza majogoo wawili tukafidia. Korosho zetu zilipouzwa kwa njia ya chama cha ushirika, mwisho wa mwaka, tulipata 170,000, zote zikaenda kwa mkopeshaji. Mwezi wa Februari 2024, ndani ya Shaaban, tulimpelekea shemeji fungu lake la mwisho. Tukaingia Ramadhani hatudaiwi na mtu.

Na hapa pana jambo la kuzingatia. Shemeji yangu alikopesha bila riba, wala hakudai hata siku moja, naye ndiye aliyelipwa mwisho. Nilimwomba ruhusa, akaniruhusu. Lakini nilijiuliza: je, si desturi yetu kumlipa kwanza mwenye kelele, na yule mpole tukamsahau? Ndiyo maana watu wema wanaacha kukopesha. Mwenye kukungojea, usimfanye kungoja kwake kuwe ndiyo adhabu yake. Angalau mpelekee khabari, na inapowezekana mpelekee kidogo.

MALI YA MKE NI YA MKE

Sasa nataka kusema neno ambalo baadhi ya wanaume hawatalipenda. Katika sharia yetu, chakula na mavazi na makazi ya nyumba ni juu ya mume. Mke akiwa na vitumbua vyake, au shamba lake, au mshahara wake, au mahari yake, ni mali yake. Mume hana ruhusa kuichukua kwa nguvu, wala kwa hila, wala kwa kununa siku tatu mpaka apewe. Mwenyezi Mungu ameeleza katika Suratun Nisaa, aya ya 4, kwamba mke akitoa kitu katika mahari yake kwa radhi ya nafsi yake, hapo ndipo mume aweza kukila. Sharti ni radhi.

Lakini hiari ya mke ina daraja kubwa. Bibi Zaynab, mke wa Abdallah bin Masud, alikuwa na mali kuliko mumewe. Alikwenda kuuliza kwa Mtume (s.a.w.) kama yatosha sadaka yake kumpa mumewe na mayatima anaowalea. Jibu likaja kwamba ana thawabu mbili, ya ujamaa na ya sadaka. Tazameni uzuri wa jambo hili: fedha anayoitoa mke kumsaidia mumewe imeitwa sadaka. Na sadaka haidaiwi. Hushukuriwa.

Kwa hiyo katika daftari letu, fedha ya mke wangu niliiandika mbali na yangu, siyo kwa kumtenga, ila ili nisisahau. Miezi kumi, 20,000 kila mwezi, ni 200,000. Na lile deni la kikundi, nusu yake liliingia katika matumbo yetu sote. Basi katika 200,000 zile, kiasi kikubwa kililipa kilichokuwa wajibu wangu mimi. Nilimwambia ya kwamba najua, na kujua kwangu kulimpendeza kuliko kanga.

Na mke naye asimfiche mumewe deni kwa kuogopa. Mume asipotoa cha kutosha, mwambie. Hind binti Utba alimshitaki mumewe kwa Mtume kwamba hampi cha kumtosha yeye na watoto wake, naye akaruhusiwa kuchukua katika mali ya mume kiasi cha kutosha kwa wema. Hakuambiwa akakope kwa siri.

NENO KWA WANAODAI NA KWA VIJANA

Wenye kudai wana haki, na mwenye uwezo akichelewesha malipo ni dhalimu kwa neno la Mtume mwenyewe. Lakini katika aya ya 280 ya Suratul Baqara, Mwenyezi Mungu ameamrisha aliye katika dhiki apewe muda mpaka apate wasaa, na akasema kusamehe ni bora zaidi. Kumwaibisha baba mbele ya watoto wake hakuleti fedha. Tena tukumbuke ya kwamba wenye madeni wametajwa katika Suratut Tawba, aya ya 60, kuwa ni miongoni mwa wanaostahiki zaka. Basi kamati zetu za misikiti zinapogawa zaka zisiwasahau watu hawa, khasa wale wanaoficha shida zao.

Kwa anayetaka mtaji pasi na riba, zipo njia. Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana, na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu wake utengenezwe, ikarejeshwa mwaka 2024. Yafaa vijana wetu waulize ofisi ya kata. Lakini ni mikopo ya kazi, si ya kulia harusi. Na isiyo na riba nayo ni deni, yapasa kulipwa.

Nanyi vijana, msidanganyike kwamba kamari ya mpira italipa deni. Aliyekopa kwa ajili ya kubahatisha amekwisha kushindwa kabla ya mchezo kuanza. Wala msikope ili kulipa mkopo. Huko ni kuhamisha moto kutoka chumba hiki kwenda chumba kile.

KHATIMA

Zubeir bin Al-Awwam alikuwa katika sahaba wakubwa. Watu walikuwa wakitaka kuweka amana kwake, naye akikataa, akisema waifanye mkopo, kwa kuwa akihofu isipotee. Alipokufa, mwanawe Abdallah alihesabu deni la baba yake akalikuta 2,200,000. Palikuwapo ardhi iitwayo Al-Ghaba, aliyoinunua Zubeir kwa 170,000. Nayo ikauzwa kwa 1,600,000. Deni likalipwa. Warithi walipotaka wagawiwe, Abdallah alikataa mpaka alipotangaza katika misimu minne ya Hija kwamba mwenye deni juu ya Zubeir na aje alipwe. Wake wanne wa Zubeir na watoto wake walingoja miaka minne, ili isibakie haki ya mtu shingoni mwa marehemu wao.

Sisi hatuna Al-Ghaba. Tuna mikorosho michache na sufuria ya vitumbua. Lakini Mwenyezi Mungu hamkalifishi mtu ila kwa uwezo wake, na dawa ya deni ni kulipa, ijapokuwa kidogo kidogo. Basi wewe mume unayeisoma makala hii, na wewe mke unayesomewa, usiku wa leo kabla ya kulala mwambie mwenzio kile unachodaiwa. Chukueni daftari, andikeni. Huenda nawe ukajibiwa kama nilivyojibiwa mimi.

Mwenyezi Mungu atulipie madeni yetu, na atutosheleze kwa halali yake tusiihitaji haramu yake. Amin.